Kikopo cha Kifuniko cha Njano

Kila asubuhi, kabla ya kuinua mlango wa bati hadi juu, mama mdogo hulinusa duka lake. Huuinua mlango nusu tu, kiasi cha kuingiza mwanga kidogo na sisi wawili tukiwa tumeinama, kisha hupanga vikopo juu ya kaunta. Hufungua kimoja, hukileta chini ya pua, hufumba macho, huvuta pumzi, hukifunga na kushika kingine. Akimaliza cha mwisho hujifuta pua kwa nyuma ya mkono, kama mtoto aliyetoka kulia, halafu husema, "Haya. Tufungue, watu waingie."

Wateja wanamwita Mama Pua. Hakuna anayelitumia jina hilo kwa dharau, yeye mwenyewe hujitambulisha hivyo akimpigia simu muuzaji wa jumla: "Ni mimi, Mama Pua, usiniletee uchafu." Miaka yote ya biashara, pua ndiyo iliyokuwa mizani yake. Mwanamke angekuja na chupa ya losheni aliyonunua kwingine, ngozi inamwasha, na mama mdogo angeinusa mara moja tu. "Hii imekaa juani. Tupa." Mwingine angeleta mafuta ya nywele aliyopewa zawadi. "Haya ni ya kupikia, shoga, wamekutilia manukato. Kaangie mayai." Duka zima lingecheka, na mwenye mafuta angecheka kuliko wote.

Mimi ni mtoto wa dada yake. Nilikuja kukaa kwake nilipomaliza chuo kikuu, nikisubiri kazi, na kwa kuwa kazi haikuwa na haraka nami, nikawa namsaidia dukani. Nilipenda sehemu ya nyuma, penye maboksi, ambapo ningeweza kusoma kitabu changu nikiwa nimekaa juu ya katoni za sabuni. Kumwuliza mteja "nikusaidie nini?" kulinishinda.

Duka lenyewe ni jembamba kama korido. Upande mmoja kuna fundi viatu, upande wa pili muuza simu. Ukiingia, kushoto kuna rafu za losheni na sabuni, kulia nywele bandia zimening'inia kwa urefu na rangi zake, kisha rangi za kucha, wanja, vibanio, vitana. Mwisho kabisa, nyuma ya vichwa vya plastiki vilivyovikwa mawigi, kuna kioo kirefu na stuli. Ng'ambo ya barabara, mkabala nasi, kuna duka kubwa la vipodozi lenye milango ya vioo, taa nyeupe, ubaridi na mlinzi. Kule kila kitu kimefungwa kwa nailoni na kuna maandishi yanayosema usifungue kabla ya kununua. Kila siku niliwaona wanawake wakifika mbele ya duka lile, wanajitazama kwenye vioo vyake, wanaweka sawa vitambaa vya kichwa, halafu wanavuka barabara kuja kwetu.

Tangu wiki ya kwanza nilikuwa na swali moja tu kwa mama mdogo: kwa nini wanavuka? Sikumwuliza. Niliona aibu kuuliza jambo ambalo pengine kila mtu analijua, nikajiambia nitalijua kwa kutazama.

Nikatazama. Niliona kwamba kioo kiko ndani kabisa ili mtu avae wigi la rangi ya karoti bila mpita njia kumwona. Taa yetu ni ya njano, na chini ya taa ya njano hakuna uso unaoonekana umechoka. Krimu na mafuta hayauzwi kwa chupa nzima tu: mama mdogo hununua kwa ndoo na kupima katika vikopo vidogo, hivyo mtu huweza kujaribu kidogo kwanza, isipomfaa asiwe amepoteza kitu. Halafu kuna maswali yake. Mtu mgeni akiingia lazima aulizwe, "Nani kakuelekeza kwangu?" Akitajiwa, mama mdogo hushika kifua na kusema, "Mwambie nashukuru," kama aliyeletewa salamu kutoka kwa ndugu wa mbali. Na mtu akinunua kitu, hatoki hivihivi. Atakalishwa kwenye stuli, ataelezwa ataanza vipi, atasuuza vipi, atafunga nini kichwani.

Hayo yote niliyaona, nikadhani nimeelewa.

Kisha mama mdogo akaugua mafua. Yalikuwa mafua ya kawaida, ya kukohoa na kulala na shuka hadi masikioni. Yalipokwisha alirudi dukani amekonda kidogo, na asubuhi ile ya kwanza akanusa vikopo vyake kama kawaida. Ila alikishika kila kimoja muda mrefu zaidi. Kimoja alikirudia. Halafu nikamwona amechukua kipande cha sabuni ya kufulia, ile ya harufu inayojulikana hata na kipofu, akakiweka puani na kusimama nacho, macho wazi, akitazama ukuta.

"Mama, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Fungua mlango."

Siku hiyohiyo jioni maharage yaliungua jikoni yeye akiwa amekaa kando ya jiko anachambua mchele. Moshi ndio uliomwinua, si harufu. Nilidhani amechoka. Baada ya hapo akawa mtu wa kushtuka: ukimgusa bega anaruka, usiku anaamka kukagua gesi, anaizima, anarudi kuikagua tena. Dukani mtu akimletea chupa ainuse, aliitikisa, akaitazama kwenye mwanga, kisha akasema kwa ujanja, "Hebu wewe mwenyewe unasikia nini?" Mteja angesema anasikia harufu ya uchachu, naye angetikisa kichwa na kusema, "Umeona? Ndiyo hivyo." Nilidhani ni namna mpya ya kufundisha watu. Nilimsifu moyoni.

Lazima nieleze kuhusu ndoo, maana shida yote ilitoka huko.

Mle nyuma kulikuwa na ndoo mbili nyeupe za ukubwa mmoja. Moja ilikuwa ya krimu laini ya nywele, ile ya watoto na watu wenye ngozi kavu ya kichwa. Nyingine ilikuwa ya dawa ya nywele, ile kali ya kulainisha, inayopakwa kwa kijiti na kuoshwa upesi kabla haijaunguza. Krimu iliingia katika vikopo vyenye vifuniko vya njano. Dawa ilikwenda kwenye vifuniko vyekundu, na waliokuwa wakiinunua ni wasusi tu. Ndani ya ndoo, zote mbili ni nyeupe, nzito, zinang'aa. Maandishi yalikuwa juu ya vifuniko vya ndoo peke yake, na mama mdogo hakuwahi kuvijali vifuniko hivyo. Alivibandua, akavitupa chini, akamaliza kupima, akarudisha kile kilichokuwa karibu na mkono. Kwa nini ajali? Dawa ya nywele ina harufu inayochoma hadi machoni. Mwenye pua hahitaji kusoma.

Siku ninayoisimulia, alijaza vikopo asubuhi peke yake. Mimi nilikuwa mbele napanga vibanio. Alisoma vifuniko vya ndoo, akaviamini.

Kabla ya adhuhuri akaja bibi mmoja na mjukuu wake wa kike, mtoto mdogo wa umri wa kuanza shule, kichwa kimefungwa kitambaa. Walikuwa wageni. Bibi alisimama mlangoni akavua ndala zake, mpaka mama mdogo akamwambia, "Ingia nazo, mama, hapa si msikitini."

"Sakafu yako inang'aa, mwanangu, naogopa kuidhulumu."

"Nani kakuelekeza kwangu?"

"Fundi anayeshona sare za shule, yule mrefu. Kaniambia kuna mtu ananusa vitu."

"Mwambie nashukuru," mama mdogo alisema, akashika kifua.

Mtoto alikalishwa kwenye stuli. Kitambaa kilipofunguliwa, kichwa kilikuwa kikavu, kimepasukapasuka kama udongo uliokosa maji, na nywele zimekatikakatika. Mama mdogo alimshika kidevu, akamzungusha taratibu mbele ya kioo. "Nani kasema huyu ana nywele mbaya? Zina kiu tu hizi." Mtoto akacheka kwa kuficha meno. Alikuwa ameng'oka mawili ya mbele.

Kikatolewa kikopo cha kifuniko cha njano. Mama mdogo akaeleza kama kawaida yake, bila kuruka kitu: leo jioni akishaoga, nywele zigawanywe njia kwa njia, krimu ipakwe kwenye ngozi yenyewe kwa ncha ya kidole, isuguliwe polepole, kisha kichwa kifungwe kitambaa safi, mtoto alale nayo hadi asubuhi.

Bibi akafungua kikopo, akanusa. Akakunja uso.

"Mbona inanukia hivi?"

Nilikuwa karibu na mlango, namtafutia mteja mwingine rangi ya kucha, na harufu haikunifikia. Nililisikia swali tu.

"Ndiyo harufu yake, mama," mama mdogo alisema. "Ni tiba. Itaisha ikishaingia kwenye ngozi."

"Haya, wewe ndiye unayejua," bibi akasema, akakifunga kikopo, akakitia kwenye kifundo cha nguo yake. Mtoto alitupungia mkono hadi walipopotea kwenye kona.

Mchana ulipita. Jua lilikuwa limeanza kuingia dukani kwa ubavu, linalala kwenye rafu za chini, ndipo msusi wa mtaa wa nyuma alipoingia kwa kelele zake. Msusi huyu haingii mahali kimyakimya hata msibani. Mkononi alikuwa na kikopo cha kifuniko chekundu.

"Mama Pua! Leo umeniuzia maziwa ya mgando?"

"Umeanza," mama mdogo alisema.

"Sijaanza, nimemaliza! Nimempaka mteja kichwa kizima, nikasubiri, nikasubiri, nywele zimekaa vilevile zinanicheka. Mteja ananiambia, dada, mbona raha hivi, sisikii hata kuwashwa? Nikamwambia nyamaza, ni teknolojia mpya."

Fundi viatu alikuwa ameegemea mlango wetu. "Labda dawa imeokoka," alisema, "imeacha ukali wa dunia."

Nikacheka. Msusi akacheka. Nilipogeuka kumtazama mama mdogo, hakuwa anacheka. Alikuwa ameshika kikopo chekundu, amechovya kidole, anasugua krimu kati ya kidole na gumba. Akaipaka mkononi mwake, upande wa ndani, akasubiri. Halafu, taratibu kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye maiti, akanyoosha mkono kwenye rafu, akachukua kikopo cha njano, akakifungua, akanikabidhi.

"Nusa."

Nikanusa. Harufu ilinichoma hadi nyuma ya macho, nikakohoa.

"Ni nini?" aliniuliza. Sauti ilikuwa ya mtoto.

"Ni dawa, mama. Hii ni dawa ya nywele." Kisha nikasema jambo la kijinga, "Kwani wewe husikii?"

Alikaa kwenye stuli. Msusi alikuwa bado anatabasamu, tabasamu limeganda kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemwambia aliondoe.

"Tangu mafua," mama mdogo alisema. "Sisikii kitu. Sabuni, moshi, sisikii. Nilidhani itarudi. Kila asubuhi nilidhani leo itarudi." Akaniangalia. "Yule mtoto. Nimemwambia bibi yake amlaze nayo."

Sijawahi kuhisi hofu ya namna ile. Haikuwa kama ya kuogopa mbwa au mtihani. Niliona kichwa kile kidogo kikavu, kilichopasuka, na dawa inayounguza hata ngozi nzima ikisuguliwa kwenye kila ufa kwa upole na kufungwa kitambaa. Bibi aliuliza. Aliuliza, akajibiwa. Mtoto akilia atamwambia tulia, ndiyo tiba yenyewe.

"Simu yake?" msusi akauliza.

"Sina. Ni mgeni. Katoka kwa fundi wa sare." Mama mdogo alikuwa ameshasimama. "Fundi nina namba yake."

Simu ya fundi haikupatikana. Alipiga tena, haikupatikana. Nje jua lilikuwa limeshuka usawa wa paa la duka kubwa, na kwenye vioo vyake lilikuwa jekundu. Jioni akishaoga, mama mdogo alikuwa amesema. Watoto wengi huogeshwa saa hizo.

"Ondoa vya njano vyote," alimwambia msusi. "Asiuziwe mtu yeyote." Akatoka na ndala zake za dukani, bila mkoba, bila kufunga droo. Nikamfuata.

Mama mdogo si mtu wa kukimbia. Ana miguu inayovimba na pumzi fupi. Lakini siku ile alikimbia, mkono mmoja umeshika kifua, watu wanageuka kutazama. Kwa fundi wa sare tulikuta mlango umefungwa kwa kufuli. Mama mdogo alilipiga bati kwa kiganja, akalipiga tena. Hakuna. Akageuka akanitazama, uso umelowa, akajaribu kusema na pumzi ikakataa kutoka.

Kando ya kibanda kile kulikuwa na wanaume wanacheza bao, wengi, wanabishana kwa sauti. Mimi ni mtu ambaye hushuka kituo kisicho changu kwa kuogopa kusema "nishushe hapa." Niliwasogelea. Sauti iliyotoka sikuijua.

"Fundi yuko wapi?"

"Shikamoo kwanza, binti," mmoja akasema, na wenzake wakacheka.

"Kuna mtoto anaungua!" nikapiga kelele. "Fundi yuko wapi?"

Kicheko kikakatika. Fundi alikuwa ameinama nyuma yao, anatazama mchezo. Akasimama, mrefu kweli, akauliza mtoto gani. Nikamweleza kwa maneno yaliyogongana. Bibi mwenye mjukuu mwenye kichwa kikavu, uliyemwelekeza kwa Mama Pua. Akaelewa kabla sijamaliza. "Nyuma ya mashine ya kusaga, geti la buluu. Twende, nawapeleka." Akatangulia kwa hatua ndefu, na mimi nikamshika mama mdogo mkono, tukamfuata tukiburutana.

Njia ile haikuwa ndefu, nimeipita mara nyingi baadaye. Siku hiyo haikuwa na mwisho. Katika kila ua tuliopita kulikuwa na maji yanamwagika, beseni linagongwa, mama anamwita mtoto akaoge. Mama mdogo alikuwa anasema neno moja kwa kila pumzi, "Bado. Bado. Bado," na sikujua kama ni dua au anajidanganya.

Tulipokaribia geti la buluu tukasikia mtoto analia.

"Bibi, inawasha!"

"Tulia, mjukuu wangu. Mwenye duka kasema ni tiba. Vumilia kidogo."

Fundi alilisukuma geti kwa bega. Mtoto alikuwa amekaa kwenye mkeka kati ya magoti ya bibi yake, ameoga, shingo inang'aa, nywele zimegawanywa njia kwa njia vizuri kama shamba la mpunga. Kikopo cha njano kilikuwa wazi. Bibi alikuwa amepaka nyuma ya kichwa, chini, na nyuma ya sikio moja, na kidole chake kilikuwa kimebeba krimu nyingine kuelekea juu.

"Maji!" mama mdogo alisema. "Acha, mama, usimpake! Maji!"

Alimnyakua mtoto, akamlaza kifudifudi kwenye mapaja yake, akamwekea kitambaa machoni. Mimi nilichota kwenye pipa. Fundi akachota. Tulimwaga, tukamwaga, mama mdogo akisuuza kwa vidole, akiomba maji mengine, nguo zake zote zimelowa, mtoto anapiga miguu. Hata uteute mweupe ulipokwisha hakuacha. Bibi alikuwa amesimama, mikono juu ya kichwa chake mwenyewe, na kidole kile kilichopaka alikuwa amekinyoosha mbali na mwili kama si chake. Ncha yake ilikuwa imeanza kuwa nyekundu.

Majirani walijaa getini. Mtoto alipoanza kulia kilio cha kawaida, cha kuonewa badala ya kile cha maumivu, ndipo mama mdogo akainua uso.

"Nilikuuliza," bibi alisema. Hakupaza sauti. "Nilikuuliza mbona inanukia hivi."

"Uliniuliza."

"Ukasema ndiyo harufu yake."

"Nilikudanganya, mama. Sikuwa nasikia harufu yoyote. Pua yangu imekufa, na niliona aibu kukwambia."

Watu wote walisikia. Mwanamke mmoja getini aliguna, mwingine akasema, "Mama Pua huyu huyu?" Mama mdogo hakugeuka kuona ni nani. Maji yalimchuruzika kwenye viwiko, na mtoto bado yuko mapajani mwake kwa sababu hakuna aliyekuwa amemchukua.

Zahanati haikuwa mbali. Muuguzi alimtazama mtoto nyuma ya sikio na kwenye kisogo, akasema ngozi imeungua juujuu, itapona, na hapo nyuma ya sikio pengine nywele zitachelewa. "Kingekuwa kichwa kizima na usiku kucha," alisema, akaacha sentensi hapo, akaenda kuchukua dawa ya kupaka.

Duka lilikaa limefungwa kwa siku kadhaa. Nilidhani halitafunguliwa tena. Mama mdogo alilala amegeukia ukuta. Kila siku jioni alikwenda kwenye geti la buluu kumtazama mtoto, na kila siku aliogopa kwenda. Nilimwona akisimama mlangoni kwetu amevaa tayari, mkono kwenye kitasa, hasogei. Siku za mwanzo bibi alimpokea kizingitini. Baadaye alimruhusu akae.

Tulipofungua, dawa ya nywele ya kupima haikuwepo tena. Inauzwa iliyofungwa kiwandani, anayetaka anunue, asiyetaka aende ng'ambo. Krimu bado tunapima, lakini ndoo zake nimeziandika ubavuni kwa rangi, herufi kubwa. Na kila anayeingia, mama mdogo humwambia kabla hajaulizwa, "Pua yangu imekufa. Nusa mwenyewe." Wapo waliosikia habari wakahamia kwenye milango ya vioo, na simlaumu hata mmoja. Fundi viatu alimwuliza, "Sasa tukuite Mama nani?"

"Niite hivyohivyo. Aliyekatwa mguu kwani anabadilishwa jina?"

Asubuhi bado anapanga vikopo, bado anakishika kila kimoja chini ya pua na kufumba macho. Hasikii kitu. Akimaliza kimoja ananipa mimi, nanusa baada yake, namwambia ni nini, ndipo anakifunga.

Wiki iliyopita bibi alikuja na mjukuu wake. Nilimwona kwanza mtoto, meno mawili yameanza kuchungulia, kitambaa cha maua kichwani. Nilishikilia kaunta. Mama mdogo alisimama kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Tumekuja kutafuta kitana," bibi alisema. "Chenye meno mapana." Kisha akaangalia rafu, akanyoosha kidole kwenye kikopo. "Na hii je? Itamfaa?"

Niliuona mkono wa mama mdogo ukitafuta ukingo wa kaunta. Akafungua kikopo, akanipa, nikanusa, nikasema ni krimu ya watoto. Akampa bibi, bibi akanusa. Akampa mtoto, naye akaingiza pua yote, ikatoka nyeupe kwenye ncha, akasema, "Inanukia keki." Mama mdogo akachukua kidogo akajipaka mkononi mwake, upande wa ndani, akasubiri huku sote tukimtazama. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Itamfaa," alisema mwishoni. "Lakini mpake kidogo, mahali pamoja, usubiri hadi kesho. Ikimwasha, mwoshe, uniletee mimi matusi."

"Matusi ninayo tayari," bibi alisema. "Sijayatumia yote."

Wakacheka, bibi zaidi. Walitoka, wakapita mbele ya duka la vioo, na mtoto akajitazama humo akiwa anatembea, akifuta pua.

Ndipo nikamwuliza. Nilikuwa nimelibeba swali lile muda wote, nikaona nisipolisema hapo sitalisema tena.

"Mama, kwa nini wanavuka barabara kuja kwetu?"

Alikuwa anafunga kikopo.

"Kwa sababu hapa wakiuliza, kuna mtu wa kuwajibu," alisema. "Na mimi siku hizi, wakiniuliza, naogopa."